Mnara Nyuma ya Boma: Majengo Marefu na Malikale katika Njia ya Kati, kutoka Kilimatinde hadi Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Kilimatinde, katika Wilaya ya Manyoni, Mkoa wa Singida, na ufuo wa bandari ya Dar es Salaam ni mahali pawili ambapo kwa kawaida hapatajwi pamoja. Kwa njia ya reli pametengana kwa zaidi ya kilomita 500. Hata hivyo, historia ya majengo ya Tanzania inapaunganisha kwa karibu. Pote pawili palikuwa katika njia moja ya misafara. Pote pawili palikuwa na boma la utawala. Na pote pawili majengo hayo ya kale yalikutana na karne ya 20 na ya 21 kwa namna inayopasa kuchunguzwa.

Kilimatinde ilipitwa na reli, utawala ukahama, na mji uliotazamiwa kukua ukabaki mdogo. Boma Kongwe la Dar es Salaam lilifikwa na jambo la kinyume. Mji ulikua ukalizunguka, thamani ya ardhi ikapanda, na katika miaka ya 2010 minara yenye ghorofa zaidi ya 30 ikasimama nyuma na kando yake. Mahali pa kwanza hatari ilikuwa kusahauliwa. Mahali pa pili hatari ni kutamaniwa.

Mhadhara huu unajadili suala la kujenga majengo marefu nyuma ya majengo ya kale katikati ya mji. Swali la msingi ni hili: je, jengo la kale huhesabiwa kuwa limehifadhiwa pale kuta zake zinapoachwa zisimame tu, au ni lazima mahali pake pahifadhiwe pamoja nalo? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sheria na desturi za Tanzania zimejifunza kulinda jengo mojamoja, lakini hazijajifunza vya kutosha kulinda uhusiano kati ya jengo, jirani zake, bahari na anga. Aidha, inadaiwa kwamba funzo hilo halihusu Dar es Salaam peke yake. Linaihusu pia mikoa ya bara kama Singida, ambako reli mpya na miji inayokua imeanza kuleta masuala yaleyale.

2.0 Tembe, Boma, Ghorofa na Mnara

Lugha ya Kiswahili imehifadhi historia ya majengo kuliko kumbukumbu nyingi za ofisini. Maneno manne yanafaa kutazamwa kabla ya kuingia katika mjadala wenyewe.

Neno la kwanza ni tembe. Hii ni nyumba ya uwanda wa kati: Ugogo, Unyaturu na sehemu za jirani. Kuta zake ni za miti iliyosimikwa na kukandikwa udongo. Paa lake ni bapa, limetandikwa miti na matawi na kufunikwa udongo. Tembe ni nyumba fupi, na ufupi wake una maana. Katika nchi ya upepo mkavu, mvua chache na miti haba, paa bapa la udongo hupunguza joto la mchana na baridi ya usiku. Mara nyingi vyumba vilipangwa kuzunguka ua ambamo ng'ombe walilala. Kwa hiyo, tembe haikuwa nyumba ya watu tu, bali ilikuwa pia ulinzi wa mali.

Neno la pili ni boma. Maana yake ya awali ni wigo au ngome, yaani kitu kinachozungushwa ili kulinda kilichomo ndani. Katika kipindi cha utawala wa Wajerumani neno hilo lilipata maana mpya ya makao ya serikali. Kwenda bomani kukawa ni kwenda kulipa kodi, kushtaki, kushtakiwa au kuitwa na mkuu wa wilaya. Hadi leo mitaa kadhaa ya miji ya Tanzania huitwa Bomani, hata pale ambapo watu wengi hawajui boma lenyewe lilikuwa wapi.

Neno la tatu ni ghorofa. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya chumba, hususan chumba cha juu. Katika miji ya pwani, nyumba ya ghorofa ilikuwa alama ya uwezo, kwa kuwa kujenga juu kulihitaji mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo sababu vyumba vya majumba ya kale ya mwambao ni virefu na vyembamba. Vilevile, nguvu ya ukuta wa matumbawe na chokaa iliamua idadi ya ghorofa, na kwa kawaida hazikuzidi mbili au tatu. Kwa maneno mengine, malighafi yenyewe iliuwekea mji kimo chake.

Neno la nne ni mnara. Mnara ulikuwa wa msikiti, wa kanisa au wa taa ya kuongozea meli. Katika hali zote tatu ulikuwa mali ya umma kwa maana ya kwamba uliwaita watu au uliwaongoza. Katika Kiswahili cha leo neno hilo limehamia kwenye majengo ya ofisi na biashara. Uhamaji huo wa maana si jambo dogo. Jengo lililo refu kuliko yote mjini lilikuwa lile la ibada au la kuongoza mabaharia. Sasa ni lile lenye mita nyingi za mraba za kupangisha.

3.0 Kilimatinde: Mji Uliopitwa na Reli

Njia ya kati ya misafara ilianzia pwani, hasa Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikaingia katika nyika ya Mgunda Mkali, kisha ikafika Unyanyembe karibu na Tabora na kuishia Ujiji. Burton na Speke waliipita mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Kabla yao na baada yao waliipita maelfu ya wapagazi, wafanyabiashara na watumwa ambao majina yao hayakuandikwa. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili, alikuwa miongoni mwa waliojenga utajiri wao kwa njia hiyo.

Kilimatinde ipo ukingoni mwa Bonde la Ufa, mahali ambapo msafiri kutoka Ugogo hupanda kuingia uwanda wa juu. Kwa mtawala mwenye askari wachache, mahali kama hapo pana faida mbili: panaonekana kutoka mbali, na kutoka hapo panaonekana mbali. Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Kilimatinde katika miaka ya 1890, na boma likawa makao ya utawala wa eneo pana la katikati ya nchi. Kutoka huko amri, kodi na hukumu zilisambaa. Kiswahili nacho kilisambaa kwa kalamu za makarani na kwa vinywa vya maakida na askari waliotoka pwani au waliolelewa katika desturi za pwani.

Jambo lililobadili hatima ya Kilimatinde halikuwa vita bali ni mwinuko wa ardhi. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ilipokaribia ukingo wa Bonde la Ufa, wahandisi walitafuta mteremko ambao treni ingeweza kuumudu. Reli ikapita chini, Saranda, kisha ikapanda kuelekea Manyoni. Boma likabaki juu kilimani, na biashara ikashuka kwenda stesheni. Dodoma, ambayo ilikuwa na reli, ilichukua nafasi ya Kilimatinde katika utawala wa eneo hilo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Majeshi yaliyopigana upande wa Waingereza yalipoiteka Kilimatinde mwishoni mwa Julai 1916, yaliteka mahali ambapo tayari palikuwa pamepungukiwa na umuhimu.

Umuhimu wa kihistoria wa Kilimatinde ulitambuliwa upya karibu miaka 90 baadaye. Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha UNESCO pendekezo la kuiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya urithi wa dunia. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Jambo la kuzingatia katika orodha hiyo ni kwamba kinachopendekezwa si jengo moja bali ni njia nzima. Bila njia, Kilimatinde ni kuta tu. Ndani ya njia, ni kiungo katika mnyororo wa historia ya watu wengi walioteseka na wengine waliofaidika.

Wakati huohuo, Mkoa wa Singida ulipoteza kwa kimya urithi mwingine ambao haukuwahi kuwekwa katika orodha yoyote. Katika miaka ya 1970 kaya zilizokuwa zimetawanyika zilihamishiwa katika vijiji, na nyumba bora ikawa ni ile ya matofali na mabati. Bati lina faida zake: halivuji kama udongo unaochoka, na huwezesha kukinga maji ya mvua. Lakini pamoja na faida hizo, tembe ilihukumiwa kuwa alama ya uduni, na maarifa ya kuijenga yakaanza kutoweka pamoja na wazee walioyajua. Hakuna mnara uliosimama nyuma ya tembe. Tembe iliondolewa na fikra kwamba kilicho kifupi hakina thamani, na fikra hiyohiyo ndiyo inayofanya kazi mjini Dar es Salaam.

4.0 Dar es Salaam: Safu ya Bandarini

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Boma Kongwe, lililopo katika makutano ya Barabara ya Morogoro na Sokoine Drive, lilijengwa mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani, ambaye kasri lake lilikuwa jirani. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, na mlango wake ni wa mbao zilizochongwa. Nyumba ya Atiman, iliyo karibu nalo, ni ya kipindi hichohicho.

Majid alifariki mwaka 1870. Ndugu yake na mrithi wake, Barghash bin Said, hakuuendeleza mji huo, na baadhi ya majengo yakachakaa kabla hata hayajazoeleka. Wajerumani walipoweka makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891 walikuta mabaki ya ndoto ya mtu mwingine na kuyageuza ofisi. Kisha wakaongeza ya kwao. Kanisa la Kilutheri la Azania Front na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu yalijengwa mwishoni mwa miaka ya 1890 na kukamilika mwaka 1902. Yote mawili yaliwekwa yakitazama bandari, na minara yake ikawa sehemu ya sura ya mji kwa kila aliyeingia kwa meli.

Historia ya Nyumba ya Atiman inaonesha jinsi jengo moja linavyoweza kubeba tabaka kadhaa za maisha. Ilijengwa kwa ajili ya nyumba ya Sultani. Mwaka 1922 ilichukuliwa na wamisionari wa White Fathers. Baadaye ikapewa jina la Adrien Atiman, mtu aliyezaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea utabibu Malta, kisha akafika Karema katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Alitibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Hivyo, nyumba ya kifalme kutoka katika utawala uliofaidika na utumwa ikaja kubeba jina la mtu aliyekuwa mtumwa. Habari kama hii haiwezi kuandikwa upya ikiwa nyumba itabomolewa. Inaweza kuandikwa kitabuni, lakini haiwezi tena kuoneshwa kwa kidole.

Safu hii ya bandarini, kwa hiyo, ilikuwa na mpangilio. Mbele kulikuwa na maji, kisha barabara, kisha majengo ya ghorofa mbili au tatu, na juu yake minara ya makanisa. Katika mitaa ya nyuma kulikuwa na maduka na nyumba za ghorofa za wafanyabiashara, nyingi zikiwa na roshani na majina ya wenyewe na miaka ya ujenzi juu ya milango. Mipango mikuu ya mji ya mwaka 1949, 1968 na 1979 ilibadili mengi pembezoni mwa mji, lakini sura ya safu ya mbele ilidumu kwa miongo mingi, kwa sehemu kwa sababu hapakuwa na fedha za kuibadili.

5.0 Kuja kwa Minara

Mabadiliko ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yaliondoa kizuizi hicho. Benki, mifuko ya hifadhi ya jamii na kampuni binafsi zilianza kutafuta mahali pa kuwekeza. Ardhi ya katikati ya mji ilikuwa haba, na ilikaliwa na majengo mafupi. Kwa mwenye kiwanja, nyumba ya ghorofa mbili ilianza kuonekana kuwa ni ghorofa 28 zisizotumika.

Katika miaka ya 2010 minara miwili ilibadili kabisa anga ya bandarini. Wa kwanza ulijengwa na mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa PSPF, ambao mwaka 2018 uliunganishwa na mifuko mingine kuunda PSSSF. Wa pili ulijengwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania. Kila mmoja una ghorofa zaidi ya 30 na urefu wa takribani mita 150. Mnara wa Mtakatifu Yosefu, ambao kwa zaidi ya karne moja ulikuwa kipimo cha urefu wa mji, sasa unaonekana kama kitu kilichowekwa miguuni mwa majirani zake. Boma Kongwe, likitazamwa kutoka upande wa maji, lina ukuta wa vioo na saruji kwa nyuma.

Si haki kuieleza hali hii kana kwamba ni kosa la upande mmoja. Waliotetea minara walikuwa na hoja nzito. Mfuko wa pensheni una wajibu wa kukuza michango ya wanachama, na jengo katikati ya mji lilionekana kuwa kitega uchumi cha kudumu. Mamlaka ya bandari ilihitaji mahali ambapo mwenye mzigo angeweza kukamilisha taratibu zake bila kuzunguka mji mzima kutoka ofisi hadi ofisi. Zaidi ya hayo, mji unaojengwa kwenda juu hula ardhi kidogo kuliko mji unaotambaa hadi Kibaha na Mkuranga. Vilevile, ipo hoja ya heshima ya taifa: kwa nini safu iliyojengwa na sultani na wakoloni ipewe haki ya kuamua kimo cha mji wa nchi huru?

Hoja hiyo ya mwisho inastahili jibu. Majengo yale hayakujengwa na sultani wala na Wajerumani kwa mikono yao. Yalijengwa na waashi, wachoma chokaa, wachonga milango na vibarua wa Kiafrika, wengi wao wakiwa watumwa au watu waliolazimishwa kazi. Kuyahifadhi si kuwaenzi watawala. Ni kuhifadhi ushahidi wa kazi ya watu ambao hawakuachiwa ushahidi mwingine.

Kuhusu athari za kiufundi, jambo ni la wazi zaidi. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua: hunyonya unyevu na kuutoa kwa jua na upepo. Jengo refu jirani linaweza kuziba jua hilo na kugeuza mwendo wa upepo. Uchimbaji wa msingi mrefu karibu na bahari hulazimu maji ya chini ya ardhi yapigwe pampu, na udongo unaokaukiwa maji hutitia. Mtikisiko wa mitambo hulegeza chokaa ya karne iliyopita. Ufa unapotokea, mara nyingi huzibwa kwa saruji, ambayo ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na hufungia unyevu ndani. Hivyo, jengo linaweza kuharibika bila nyundo ya mbomoaji kuligusa.

Pia kuna usalama wa watu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Ilielezwa wakati huo kwamba lilikuwa limefikia ghorofa 16 ilhali kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Tukio hilo halikuhusu malikale moja kwa moja. Hata hivyo, lilionesha kwamba kanuni ya urefu isiyosimamiwa ni karatasi tu, na kwamba mji usioweza kuhesabu ghorofa zinazojengwa hauwezi kudai kuwa unalinda anga yake.

6.0 Sheria na Mwaka 1863

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979, ndiyo msingi wa ulinzi wa malikale Tanzania Bara. Sheria hiyo hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo huhitaji kutangazwa na waziri mwenye dhamana.

Mwaka huo unatosha kwa Kilwa na Kaole. Kwa Dar es Salaam hautoshi hata kidogo. Boma Kongwe, lililo miongoni mwa majengo ya zamani kabisa ya mji, lilijengwa miaka mitatu hadi minne baada ya mstari huo. Kwa hiyo, mji mzima wa Dar es Salaam, tangu jiwe lake la kwanza la kisultani, uko nje ya ulinzi wa moja kwa moja. Boma la Kilimatinde nalo liko nje. Tembe zote za Singida ziko nje. Sheria hiyohiyo, kwa upande mwingine, iliweka mwaka 1940 kuwa mpaka wa milango na miimo yenye nakshi. Matokeo yake ni ya ajabu: mlango unaweza kulindwa na sheria ilhali ukuta unaoushikilia haulindwi.

Sera ya Malikale ya mwaka 2008 ilipanua fikra kwa kutambua wajibu wa wananchi, halmashauri na sekta binafsi. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 nayo ilitoa nafasi ya kuhifadhi majengo yenye thamani ya kihistoria au ya usanifu. Katika miaka ya 2010 Boma Kongwe lilikarabatiwa na kuwa makao ya kituo cha urithi wa usanifu wa majengo cha Dar es Salaam, kijulikanacho kwa kifupi kama DARCH. Hii ni hatua ya kupongezwa. Lakini ilitokea katika muongo uleule ambamo minara ilikamilika nyuma yake. Jengo lilipona, mahali pake pakabadilika.

7.0 Mifano ya Kulinganisha

Suala hili si la Tanzania peke yake. Mjini New York, mwaka 1968, ulipendekezwa mnara wa zaidi ya ghorofa 50 juu ya stesheni ya Grand Central. Tume ya majengo ya kihistoria ilikataa, wamiliki wakaenda mahakamani, na mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mji ulikuwa na haki ya kukataa. Jambo lenye funzo zaidi ni fidia iliyokuwepo: mmiliki aliruhusiwa kuhamishia kwenye viwanja vingine haki ya urefu ambayo hakuweza kuitumia pale. Kwa utaratibu huo, jengo fupi la kale haliwi mzigo wa mwenyewe tu.

Mjini Köln, Ujerumani, kanisa kuu la mji liliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004 kwa sababu ya mipango ya majengo marefu ng'ambo ya mto Rhine. Hakuna jiwe la kanisa lililoguswa. Kilichohatarishwa kilikuwa mwonekano wake. Mji ulibadili mipango hiyo, na mwaka 2006 kanisa likaondolewa katika orodha ya hatari. Mwaka 2011 UNESCO ilipitisha pendekezo kuhusu mandhari ya kihistoria ya miji, ambalo kiini chake ni kwamba jengo la kale lisitenganishwe na mji unaolizunguka.

Karibu zaidi na nyumbani, Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na una mamlaka yake ya uhifadhi tangu mwaka 1985. Huko udhibiti wa kimo umesaidia kuhifadhi paa za mji. Hata hivyo, sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa ukarabati na kuua watu wawili. Funzo ni kwamba kudhibiti urefu wa jirani bila kutunza kuta za ndani hakutoshi, kama vile kutunza kuta bila kudhibiti jirani kusivyotosha.

8.0 Hitimisho

Historia ya Kilimatinde na ya safu ya bandarini inaonesha njia mbili za kupoteza. Ya kwanza ni pale mahali panapokosa thamani ya fedha na kuachwa. Ya pili ni pale mahali panapopata thamani kubwa ya fedha kiasi kwamba historia yake inageuka kikwazo. Katika njia zote mbili kinachokosekana ni kimoja: utaratibu wa umma unaoipa historia uzito wake kabla soko halijazungumza.

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, mwaka 1863 hauna budi kutazamwa upya, ili ulinzi ufuate umuhimu wa jengo badala ya tarehe iliyoiacha nje karibu historia yote ya miji ya bara. Pili, ulinzi wa jengo uambatane na ulinzi wa eneo linalolizunguka, pamoja na vipimo vya kimo vinavyojulikana na wote kabla ya kiwanja kuuzwa. Tatu, mwenye jengo la kale apewe namna ya kufidiwa, kwa kuwa kumbebesha mtu mmoja gharama ya kumbukumbu ya wote si haki, na kisicho cha haki hukwepwa.

Singida ina nafasi ambayo Dar es Salaam haina tena. Treni za reli ya kisasa zilianza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, na njia hiyo imepangwa kuendelea kupitia Makutupora, katika Wilaya ya Manyoni, hadi Tabora. Uamuzi wa kuhamishia serikali Dodoma, uliopitishwa mwaka 1973 na kuanza kutekelezwa kwa kasi mwaka 2016, umeusogeza mji mkuu jirani na mkoa huo. Reli ya kwanza iliipita Kilimatinde chini ya mlima na kuiacha. Reli ya pili italeta wanunuzi wa viwanja. Mji wa Singida, wenye maziwa ya Singidani na Kindai na miamba mikubwa inayoonekana kutoka mitaani, bado una mandhari ambayo hayajazibwa.

Orodha ya majengo ya kihistoria ya mkoa, ramani ya maeneo yanayopasa kubaki wazi, na kumbukumbu za mafundi wa tembe walio hai ni kazi zinazoweza kufanywa kwa gharama ndogo kuliko msingi wa ghorofa moja. Gharama hiyo hupanda kila mwaka ambapo kazi haijaanza, na baada ya mnara kusimama hakuna sheria inayoweza kuurudisha chini.